Kadi Isiyoenea Pochini

Orodha ilipotangazwa, wa kwanza kunitumia ujumbe alikuwa binamu yangu aliyeko Kigali. Ilikuwa mwisho wa Juni 2020. Umoja wa Ulaya, uliokuwa umefunga mipaka yake ya nje tangu katikati ya Machi, ulitaja nchi ambazo wakazi wake wangeweza kuingia tena kuanzia Julai 1: Algeria, Australia, Georgia, Japani, Kanada, Korea Kusini, Montenegro, Moroko, New Zealand, Serbia, Thailand, Tunisia, Uruguay. China nayo ilitajwa, kwa sharti kwamba na yenyewe iwafungulie Wazungu. Na Rwanda. Marekani haikuwemo.

"Kaka," aliandika binamu, "mambo yakikushinda huko Maryland, njoo Kigali. Chumba kipo."

Alijua kwamba utani wake una nusu tu ya ukweli. Orodha ile haikumfutia mtu viza, na balozi nyingi wakati huo zilikuwa zimefunga madirisha ya maombi. Lakini nusu hiyo ilitosha kunigusa. Kilichoangaliwa ni mahali unapoishi, si pasipoti uliyonayo, na kipimo kikuu kilikuwa maambukizi mapya kwa kila watu 100,000 katika siku 14 zilizopita, yakilinganishwa na wastani wa Ulaya yenyewe. Kwa hesabu hiyo Mmarekani mkazi wa Kigali alikuwa na nafasi kuliko Mmarekani mkazi wa Silver Spring. Wa Silver Spring ndiye mimi. Nilikula kiapo cha uraia, nikapewa kijitabu cha buluu kinachomruhusu mtu kukaa Ulaya siku 90 ndani ya kila siku 180 bila viza, na sasa kijitabu kimelala kwenye droo pamoja na chaja mbovu.

Tuwe wa haki: aliyeanza kufunga mlango hakuwa mtu wa Brussels. Usiku wa Machi 11, 2020, siku ileile Shirika la Afya Duniani liliposema kwamba corona sasa ni janga la dunia nzima, Rais Trump alitokea kwenye televisheni akawazuia wasafiri wanaotoka nchi 26 za Schengen. Ulaya ilifunga siku chache baadaye. Marais walibadilishana Washington, na mlango wa Marekani kwa Wazungu ukabaki umefungwa hadi Novemba 8, 2021. Hilo nitalirudia, kwa sababu watu wengi niliokutana nao safarini walikuwa wamelisahau, au hawakuwahi kulijua.

Shauri langu mimi lilikuwa harusi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija wa Unguja, na Wangazija wa Unguja wana ndugu Moroni, Mahajanga na Marseille. Mama mdogo yuko Marseille tangu ujana wake, na bintiye alikuwa amechumbiwa. Harusi ilipangwa kiangazi cha 2020, ikaahirishwa, ikapangiwa majira ya machipuko, ikaahirishwa tena. Kila mara mama mdogo alinipigia simu kuniuliza swali lilelile: "Baba, Wamarekani wameshafunguliwa?" Kazini kwangu nako waliuliza hivyohivyo, kama vile Ulaya ni duka moja lenye mlango mmoja.

Haikuwa hivyo hata siku moja. Orodha ya Umoja wa Ulaya ilikuwa pendekezo tu, na kila nchi ilikuwa na uamuzi wake. Ugiriki, ambayo haiwezi kuishi bila watalii, iliwafungulia Wamarekani waliochanjwa au waliopimwa tangu Aprili 19, 2021, wakati wenzake bado wanakuna vichwa. Italia ilianza na ndege maalumu ambazo kila abiria alipimwa kabla ya kupanda. Ufaransa ilizipaka nchi rangi tatu, kijani, machungwa na nyekundu, kuanzia Juni 9. Tarehe 18 mwezi huohuo Marekani ikaingizwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, na kiwango cha maambukizi kilichoruhusiwa kilikuwa kimepandishwa kabla ya hapo kutoka 25 hadi 75. Mama mdogo akapiga simu. Safari hii nikamjibu ndiyo, akapiga kigelegele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Harusi ikawekwa Jumamosi, Septemba 4.

Sasa niieleze kadi. Aliyechanjwa Marekani alipewa kikaratasi kigumu cheupe chenye upana wa inchi nne na kimo cha inchi tatu. Hakienei katika pochi ya kawaida. Ama ukikunje, ama ukitembeze mkononi. Jina liliandikwa kwa kalamu ya wino, namba ya chanjo kwa kalamu, tarehe kwa kalamu, mara nyingi na mtu mwenye haraka. Serikali ya Washington ilikuwa imesema waziwazi, Aprili 2021, kwamba haitatengeneza pasipoti ya chanjo ya taifa. California ikawa na yake, New York yake, na majimbo mengine yakapiga marufuku hata kuulizana. Ulaya wakati huo, kuanzia Julai 1, ilikuwa na cheti cha kidijitali chenye msimbo wa QR kinachosomeka kutoka Lisbon hadi Helsinki. Kwa hiyo raia wa nchi iliyopeleka watu mwezini alikwenda Ulaya na hati iliyoandikwa kwa mkono, ambayo kijana yeyote mwenye printa angeweza kuighushi.

Kaka yangu wa Dar es Salaam naye alitaka kuja. Tanzania ilikuwa imeanza kuchanja Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya kamera, kwa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX. Kaka alikwenda mapema, akachanjwa, akanitumia picha ya mkono wake. Chanjo ya Kimarekani, iliyotambuliwa Ulaya, tena ya sindano moja. Upande wa afya hakuwa na deni. Kilichomkwamisha ni yale ya siku zote: taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwenyeji, tiketi ya kwenda na kurudi, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na kwanza kabisa nafasi ya miadi ya kuyapeleka hayo yote. Nafasi haikupatikana kabla ya harusi. Binamu wa Mombasa alikuwa na kikwazo kingine. Kenya ilianza na AstraZeneca iliyotengenezwa India, inayoitwa Covishield, na cheti cha Ulaya kilipozinduliwa kiliitambua AstraZeneca ya Ulaya, si hiyo ya India. Dawa ni ile ile, fomula ni ile ile, tofauti ni kiwanda na makaratasi ya kiwanda. Mamilioni ya Waafrika walikuwa wamechanjwa kwa chupa hizo hizo. Ufaransa iliikubali Julai 18, baada ya kelele nyingi, lakini binamu alikuwa ameshakata tamaa na nauli ameshailipia ada ya shule.

Nikaenda peke yangu, wiki ya mwisho ya Agosti, kutoka uwanja wa Dulles.

Kaunta ya shirika la ndege ndipo palipokuwa mpaka wenyewe. Dada wa kaunta alikuwa na faili la kurasa zilizolaminishwa, moja kwa kila nchi, na juu yake karatasi za kubandika zenye marekebisho ya wiki hiyo. Shirika likimpeleka abiria asiyestahili, gharama ya kumrudisha ni yake, na faini juu. Kwa hiyo dada yule alisoma kila kadi kama hakimu asomavyo mkataba wa shamba. Mbele yangu alisimama bwana mmoja wa makamo na mkewe. Mke alikuwa na dozi mbili za tangu majira ya machipuko. Bwana alikuwa amechanjwa Johnson & Johnson mwanzoni mwa Agosti. Marekani ilimhesabu mtu kuwa amekamilisha chanjo hiyo baada ya siku 14. Ufaransa ilitaka 28.

"Lakini mimi ni raia wa Marekani," alisema.

"Najua, bwana," dada akamjibu kwa upole. "Sote kwenye foleni hii ni raia wa Marekani."

Bwana hakuwa na hasira ya ubaya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia lugha ambayo hajawahi kusemezwa. Alimtazama mkewe, akamtazama dada, akaitazama pasipoti yake mkononi, akarudi kuitazama. Uso huo naujua. Nimeuona kwa wajomba zangu mbele ya ubalozi, isipokuwa wao hawakuwa na mshangao. Mke alisafiri au alibaki, sijui. Zamu yangu ilifika. Nilitoa pasipoti, kadi, na tamko la kuapa kwamba sina homa wala kikohozi. Yakapita.

Paris, afisa wa uhamiaji alipiga muhuri bila kuiangalia kadi.

Kuingia nchini na kuishi ndani yake yalikuwa mambo mawili tofauti, na hilo ndilo wasafiri wengi hawakuambiwa. Tangu Agosti 9 Ufaransa ilidai pasi ya afya kwa anayetaka kukaa mkahawani, hata kwenye meza za nje, na kwa treni za masafa marefu pia. Pasi ni msimbo wa QR. Kadi ya Marekani haina msimbo. Kulikuwa na utaratibu wa kuomba kubadilishiwa kwa barua pepe; niliomba kabla sijaondoka, sikujibiwa hadi leo. Kwenye treni ya kwenda Marseille mkaguzi aliigeuza kadi yangu mbele na nyuma, akanirudishia na kuinua mabega. Mkahawa wa kwanza karibu na bandari ya kale walinikubalia. Wa pili wakakataa. Wa tatu mhudumu aliniambia nikae, ila nikimwona askari ninywe haraka.

Mwishoni mwa Agosti maduka ya dawa yaliruhusiwa kuifanya kazi hiyo kwa malipo yasiyozidi euro 36. Jumatatu asubuhi, tarehe 30, bibi harusi mwenyewe alinipeleka kwa mfamasia wa mtaani kwao, karibu na Félix Pyat, ambako ukisema Kingazija unaeleweka kuliko ukisema Kifaransa cha vitabuni. Mfamasia alikuwa mama wa makamo, barakoa imemfika chini ya macho, na nyuma yangu foleni imefika barabarani. Aliishika kadi, akaandika jina, akaandika aina ya chanjo, akasimama.

Dozi ya pili ilisomeka 04/07/2021. Kwa Mfaransa hiyo ni tarehe nne Julai. Kwa Mmarekani ni Aprili saba. Nikaeleza, kwa Kifaransa changu cha kubahatisha, kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi. Akaniuliza atajuaje kwamba simdanganyi. Swali la haki kabisa. Akarudi kwenye kadi, akasoma mstari wa juu: 03/17/2021. Akahesabu kwa vidole, akacheka ndani ya barakoa. "Hakuna mwezi wa 17," alisema, na mashine ikatoa msimbo wangu. Nikalipa, tukashukuriana, nikatoka nikiwa mtu kamili mbele ya sheria ya Ufaransa.

Jioni ile ile, tukiwa sebuleni kwa mama mdogo tunafunga zawadi za wageni, televisheni ikatangaza kwamba Umoja wa Ulaya umeiondoa Marekani kwenye orodha. Maambukizi ya kirusi cha Delta yalikuwa yamekipita kile kiwango cha 75 mara kadhaa. Israeli iliondolewa pia, na Lebanon, Montenegro, Kosovo na Makedonia Kaskazini. Na kulikuwa na jambo ambalo matangazo rasmi hayakulisema ila kila Mzungu mezani alilisema: sisi tuliwafungulia tangu Juni, wao bado wametufungia. Mume wa mama mdogo, aliyezaliwa Mitsamiouli na kufanya kazi melini maisha yake yote, alisema ana mtoto wa kiume Boston asiyemwona tangu 2019, na si kwa kukosa pesa.

"Sasa wewe watakufukuza?" mama mdogo aliniuliza.

Nikamwambia hapana, aliyekwisha kuingia ameingia, na Ufaransa haijabadilisha chake. Kweli haikubadilisha hadi Septemba 12, na hata hapo waliobanwa ni wasiochanjwa. Lakini simu yangu ilianza kulia usiku kucha. Ndugu wa Ohio waliokuwa na tiketi za Alhamisi walitaka kujua kama waende uwanjani. Kila mmoja alikuwa amesoma habari tofauti, na zote zilikuwa za kweli kwa nchi fulani. Uholanzi ilikuwa inaandaa masharti makali kuanzia tarehe 4. Italia, kuanzia tarehe 31, ilidai kipimo juu ya chanjo. Ufaransa ilinyamaza. Wa Ohio walikuja, wakafika wamenuna kwa kukosa usingizi, wakakuta pilau.

Harusi ilikuwa na watu wengi kuliko idadi niliyotarajia kuruhusiwa, na ukumbi, kwa sheria ile, ulidai pasi mlangoni. Kazi hiyo alipewa kijana wa miaka kama 16, mjukuu wa nyumba, aliyesimama na simu mkononi na kanzu iliyomzidi urefu. Wakaja mabibi, dhahabu kutoka kichwani hadi kifundoni, liwa usoni, kila mmoja amebebwa mkono na binti. Kijana akasema "Kwezi," akaitikiwa "Mbona," kisha kwa aibu kubwa akaomba msimbo. Bibi mmoja hakuelewa anaombwa nini. Alipoelezwa, alitoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi kijana, akamuuliza kwa sauti iliyosikika hadi kwenye jukwaa la twarabu kama na yeye aonyeshe cheti chake cha ndoa. Simu ikawaka kijani. Ukumbi ukapiga vigelegele kana kwamba ndiye bibi harusi.

Baada ya harusi nilikuwa na ahadi Genova, kwa rafiki wa Mombasa aliyeolewa huko. Sheria mpya ya Italia haikujali kwamba natokea Ufaransa. Iliangalia ulikokuwa ndani ya siku 14 zilizopita, na mimi siku 14 hazijatimia tangu Dulles. Basi kadi, msimbo, fomu ya mtandaoni ya kusema nitalala wapi, na kipimo kisichozidi saa 72. Kipimo cha haraka kilikuwa euro 29 kwa mgeni, kwenye hema jeupe nje ya duka la dawa, pamba puani na robo saa ya kusubiri. Nikavichapisha vyote, nikavipanga kwenye bahasha.

Treni ya pwani inapita Nice, inapita Monaco, inaingia Ventimiglia. Bahari iko kuliani, dirisha limefunguliwa, watu wanakula mkate. Hakuna aliyeniomba karatasi hata moja. Hakuna aliyeniomba Genova pia, ila mkahawani, ambako msimbo wa mfamasia ulisomeka mara moja.

Kurudi ndiko kulikokuwa tofauti. Ufaransa ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake ya ndani tangu Novemba 2015, na treni zinazotoka Ventimiglia husimama kituo cha Menton Garavan askari wakapanda. Hili si la corona, na msafiri mweusi wa njia ile analijua. Upande wangu wa behewa tulikuwa watu wachache: mimi, vijana wawili waliozungumza Kiingereza cha Marekani wakiwa na mabegi ya mgongoni, na kijana mmoja Mwafrika aliyevaa koti licha ya joto. Askari waliwapita wale wawili. Wakaja kwangu. Nami, kwa mazoea ya wiki zile, nikatoa bahasha nzima: chanjo, msimbo, kipimo, fomu.

Askari akatikisa kichwa. "Pasipoti," alisema.

Nikampa cha buluu. Akakitazama, akanitakia siku njema. Yule kijana wa koti walishuka naye.

Vijana wa mabegi waliniuliza kama askari walikuwa wanakagua chanjo. Nikawaambia hapana. Wakaonekana kusikitika kidogo. Nao walikuwa wamelipa 29.

Kulikuwa bado na mlango wa mwisho, nao ni wa nyumbani. Tangu Januari 26, 2021 Marekani ilimtaka kila abiria wa ndege, raia akiwemo, awe na majibu ya kipimo kisichozidi siku tatu. Kwenye foleni ya Paris mwalimu mstaafu kutoka Texas aliniuliza ikiwa majibu yakiwa mabaya wataweza kweli kumzuia asirudi nchini mwake. Nikamwambia nchi haimzuii, shirika la ndege ndilo halimpandishi. Akasema hiyo ni tofauti ndogo sana. Nikakubaliana naye, naye akaendelea kuiangalia simu yake ingawa majibu alikuwa nayo tangu jana.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi, na ninayataja kwa wanaopenda tarehe. Omikroni ilipokuja, siku tatu zikawa moja, kuanzia Desemba 6. Sharti hilo liliondolewa Juni 12, 2022. Ufaransa ilifuta masharti yake yote ya kuingia Agosti 1 mwaka huo, Hispania ikachelewa hadi Oktoba 21. Mwisho wa mwaka Mmarekani alikuwa amerudi kwenye hali yake: pasipoti na begi.

Wakati huo bibi harusi alikuwa amejifungua, na kaka yangu wa Dar es Salaam akaanza upya maombi ya kwenda kumwona mtoto. Safari hii miadi alipata. Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipigia, amezitandaza karatasi zake kitandani, ananisomea moja moja nimhakikishie. Alipofika mwisho aliniuliza kama aambatanishe na cheti cha chanjo.

"Hakitakiwi tena," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Wamenipunguzia moja. Zimebaki kumi na moja."